Matonge Saba ya Msiba

Nyanjige alipokuwa akisonga ugali wa msiba, ardhi ilitetemeka hadi Maswa, na watu wa huko wakadhani treni ya Malampaka imepotea njia. Anayebisha akamwulize Shigela, mume wake, ambaye siku za misiba alilikumbatia bakuli lake la mchuzi kama mtoto mchanga lisije likamwagika. Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kumpita mtoto wa darasa la nne. Na mikono iliyoushika! Bangili za shaba alizovishwa siku ya kuolewa zilizama ndani ya nyama ya mikono ile, zikapotea, na hakuna aliyeziona tena kwa miaka ishirini.

Kitongoji chao kiko nje ya Bariadi, dakika ishirini kwa pikipiki mto usipojaa. Watu wa pale wanalima pamba na mahindi, wanafuga, na wanazikana. Hilo la kuzikana ndilo hawana mchezo nalo. Mtu anaweza kukosa harusi ya jirani, akakosa misa ya Pasaka, akakosa hata kupiga kura. Akikosa msiba, ajue wa kwake ataachiwa yeye na jembe lake.

Chakula cha msiba nacho kina taratibu zake. Hakiliwi mpaka mpishi mkuu akionje mbele ya watu wote, na si kuonja kwa ncha ya ulimi kama bibi harusi. Anakata tonge la ukubwa wa ngumi ya mwanaume, analichovya kwenye mchuzi pale palipolala mafuta, anameza, kisha anafungua kinywa wazee waone kuwa ni kitupu. Sufuria ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Inasemekana zamani mtu alitia kitu kwenye sufuria moja, wakazikwa watu tisa kwa mpigo. Wengine husema kumi na tisa, inategemea anayesimulia amekula au hajala. Tangu hapo tumbo la mpishi ndilo kufuli la watu wote.

Kwa miaka ishirini na sita tumbo hilo lilikuwa la Nyanjige. Hakuwa na kingine cha kujivunia. Alizaa watano, akazika wanne, na wa tano aliolewa Kiloleli, simu yake huita mara mbili kwa mwaka. Mumewe alikuwa na ng'ombe watatu, mmoja kipofu. Lakini Nyanjige akitokea na mwiko begani, wanaume wenye mazizi yanayojaa bonde walisimama wampishe. "Mayu amekuja, mama yetu," walisema, "leo tutakula kwa amani." Maneno hayo yalimnenepesha kuliko ugali wenyewe.

Siku ya msiba wa mzee Mashimba, akiwa kwenye sufuria ya nne, dunia ilimgeuka. Aliona mafiga yanacheza ngoma na moshi unashuka badala ya kupanda. Mkono wa kushoto ukakataa kutumwa. Akataka kumwita Minza, rafiki yake tangu usichana, ndiye aliyekuwa akimchochelea kuni, lakini kinywa kilikwenda upande kikatoa sauti ya ndama. Kisha akaanguka, na kwa kuwa alikuwa Nyanjige, alianguka na sufuria mbili.

Wakampakia pikipiki mishikaki, dereva mbele, yeye katikati, Minza nyuma akimshikilia. Minza naye hakuwa mwembamba. Pikipiki ile ilifika Bariadi ikiwa fupi kuliko ilivyoondoka.

Aliyewapokea hospitali ni muuguzi kijana, Dastan, mwenye saa kubwa mkononi na maneno ya Dar es Salaam mdomoni. Akamtoboa kidole, akakitazama kidude chake, akakitikisa, akamtoboa kidole kingine.

"Mama, sukari yako ishirini na nne. Presha ndiyo usiseme. Hiki kilichokupiga ni kiharusi kidogo, kimekuja kupiga hodi tu."

"Kikipiga hodi si unanyamaza, kinadhani hakuna mtu?" Nyanjige akasema, maneno yakimtokea ubavuni mwa mdomo.

"Kikirudi hakitabisha hodi, mama. Kitavunja mlango."

Baada ya siku sita mkono ukaanza kutii. Dastan akaketi ukingoni mwa kitanda akamweleza. Ugali, tonge moja tu la ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, si ya mumewe. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Mafuta ya juu ya mchuzi ayaage. Soda aiage. Vidonge kila siku. Na atembee.

"Nusu saa kila siku, mpaka jasho likutoke."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote."

"Mwanangu, mtu mzima anakwendaje popote? Huko popote yuko nani?"

"Hayuko mtu. Unakwenda, halafu unarudi."

Minza akapiga kofi paja lake. "Wabeja, asante sana! Mimi nilidhani nimeleta mgonjwa mmoja, kumbe nimewakuta wawili!"

Nyanjige hakucheka. "Na nisipofanya?"

"Yatakwenda macho, au mguu," Dastan akasema, na safari hii hakuwa na maneno ya Dar es Salaam. "Au utakwenda wewe."

Mama yake Nyanjige alikufa kipofu, akiongozwa kwa fimbo kama ng'ombe wa Shigela, na watu wakasema karogwa na mke mwenza. Nyanjige alikuwa msichana wakati ule, na alimchukia yule mke mwenza miaka thelathini. Sasa, akiwa amelala pale chini ya neti, akaelewa kwamba alimchukia mtu bure. Akaamua kwamba yeye macho yake atakufa nayo.

Akarudi nyumbani, akaanza.

Kula kidogo kulikuwa vita, lakini vita ya ndani ya nyumba haina mashahidi. Shigela peke yake ndiye aliyelalamika.

"Mke wangu, ukikonda watasema sikulishi."

"Waambie nimeshiba maneno yako."

Kutembea ndiko kulikokuwa balaa. Siku ya kwanza alitoka alfajiri, mikono mitupu, akaenda mpaka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe akageuza. Njiani akakutana na Milembe, mwanamke ambaye Mungu alimpa masikio manne, mawili akayaficha chini ya kilemba.

"Mwangaluka, mayu," Milembe akasalimia. "Unatoka wapi?"

"Natembea."

"Kwa nani?"

"Kwa hakuna mtu. Nakwenda, halafu narudi."

Milembe akaitikia taratibu, akapita, akageuka kutazama mara tatu. Nchi ile si ya mwanamke mwenye umri wa Nyanjige kukutwa alfajiri akitoka kusikojulikana, hana ndoo, hana jembe, hana mzigo wa kuni. Wenye umri wake wamewahi kuitwa wachawi kwa kuwa na macho mekundu tu, sembuse miguu yenye siri. Kwa hiyo kesho yake Nyanjige akajitwika ndoo. Ndoo tupu, inakwenda tupu, inarudi tupu, ili tu kichwa kiwe na sababu. Ilipita wiki moja, watu wakaanza kuulizana ni maji gani yale yasiyolowesha ndoo.

Angeweza kusema, nina sukari. Mbona hakusema? Kwa sababu mpishi mgonjwa hashiki mwiko, hiyo nayo ni taratibu. Na kule sukari ilikuwa ugonjwa wa mameneja na wabunge. Mke wa mtu mwenye ng'ombe watatu akijisifia kuwa nao ataulizwa aliila wapi. Kuhusu kule kuanguka, watu walikwisha kuamua ni moshi, naye akawaacha na moshi wao. Siri ilikaa kwa watu watatu: yeye, Shigela na Minza.

Msiba ukaja. Sufuria saba zikapangwa, na wazee wakaketi kusubiri matonge saba.

"Nitafanyaje?" Nyanjige alinong'ona akikoroga. "Matonge saba ni kaburi langu."

Minza alikuwa na akili ya haraka, na alipenda kula. "Tia mdomoni," akasema, "bana shavuni, inama kama unajifuta jasho, tema kwenye kanga. Halafu fungua mdomo waone. Kanga nipe mimi, nitajua pa kuyapeleka."

Wakafanya hivyo. Wazee wakatazama kinywa cha Nyanjige mara saba, wakakiona kitupu mara saba, na nyuma ya jiko Minza akaingiza matonge saba tumboni bila kutafuna. Wanawake wale wawili walicheka mpaka wakashikana mabega, kama walivyocheka wakiwa wasichana walipokuwa wakiiba karanga za padri. Msiba wa pili vilevile. Wa tatu, wa nne. Nyanjige akazidi kupungua. Nguo zikamning'inia. Siku moja, akiosha vyombo, kitu kikalia kling! kwenye sufuria. Zile bangili za shaba zilikuwa zimetoka mafichoni, zimeteremka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akazitazama kama ndugu waliorudi kutoka vitani.

Hospitali Dastan alimpima, akaita wenzake waje waone. "Kumi na moja! Kutoka ishirini na nne! Mama, wewe ni kiboko." Nyanjige alirudi nyumbani akiwa mwepesi, anatamani kumwambia mtu, na hakuwa na wa kumwambia.

Halafu ikaja siku ya kuku.

Ulikuwa msiba wa tano. Alikuwa ameinama kwenye sufuria ya sita, kanga imekwisha kulemewa, tonge moja likateleza, likaviringika mavumbini, likasimama miguuni pa Milembe. Kabla Milembe hajafungua mdomo, kuku wa wenye msiba akalidaka tonge akakimbia nalo. Akakimbia kwa furaha ya kuku aliyepata, akakata uwanja, akavuka barabara, na pikipiki iliyobeba magunia ya pamba ikamkanyaga.

Watu mia mbili walikuwa pale. Wote waliona pikipiki. Jioni ilipofika hakuna aliyeikumbuka. Walichokumbuka ni kwamba kuku alikula tonge ambalo Nyanjige alikataa kulimeza, na kuku akafa. Usiku huohuo jirani mmoja, Mboje, akaumwa tumbo. Mboje aliumwa tumbo kila msiba, kwa sababu alikula sehemu ya watu watatu, lakini safari hii tumbo lake likaitwa ushahidi.

Wakakutana siku ya tatu. Aliyeongoza ni Machibya, nsumba ntale wao, yaani mkubwa wa kazi za pamoja na misiba. Mtu mtaratibu, mwenye sauti ya chini, na ndiyo maana walimwogopa.

"Mayu Nyanjige," akasema, "miaka ishirini na sita tumekula nyuma yako. Leo tuambie. Chakula chetu kina nini hata ukiteme?"

"Hakina kitu. Mimi ndiye nina kitu. Nina sukari."

Kicheko kikapita. Akatoa kadi ya hospitali kutoka kifuani. Machibya akaifungua, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Imeandikwa Kiingereza," akasema, akamrudishia.

"Na hizo safari zake za alfajiri?" Milembe akadakia. "Ndoo tupu, mguu mbio, anakwenda kwa hakuna mtu! Mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake, kwa hakuna mtu! Na mikononi tazameni, ameanza kuvaa shaba za waganga!"

"Ni bangili zangu za ndoa, we Milembe! Ulikuwepo nilipovishwa, ulikula nyama ukaomba na ya kubeba!"

"Tangu siku hiyo ulizivaa lini? Mbona hatukuziona?"

Nyanjige atawaambiaje kwamba zilikuwa ndani ya mkono? Akageuka kumtafuta Minza. Minza alikuwa ameketi kati ya wanawake, macho yake yako kwenye kucha za miguu yake.

"Minza," Nyanjige akasema. "Waambie matonge yalikokuwa yakienda."

Inzi akapita, akatua kwenye goti la Machibya, akaondoka.

"Mimi nachochea kuni tu," Minza akasema. "Ya mwiko siyajui."

Nyanjige alikuwa amezika watoto wanne, na siku zote nne Minza ndiye aliyemshika mkono. Alisimama pale akayasikia yale maneno yakiingia polepole, kama mwiba wa mgunga unaoingia huku unautazama.

Hawakumpiga, hawakumfukuza. Walimnyang'anya mwiko tu. Machibya akauchukua kutoka kwa Shigela, aliyetumwa nyumbani kuuleta, akatazama wanawake mmoja mmoja, kisha akampa Minza. Minza akaupokea kwa mikono miwili, akipiga goti.

Misiba iliyofuata Nyanjige alikwenda, akakaa pembeni na wanawake waliokuwa wakisogeza miguu asiwaguse, akala kitonge chake, akarudi. Minza alisonga. Alisonga vizuri, ukweli usemwe. Na alionja: matonge saba, pale palipolala mafuta, kinywa wazi, wazee wanaitikia. Akaanza kuitwa mayu. Akanunuliwa kitenge kipya na wenye misiba. Mwili ukamjaa mpaka ikasemekana siku ya kupima ng'ombe mnadani alipita karibu na mizani, mizani ikasoma.

Nyanjige aliendelea kutembea. Alfajiri moja alimkuta Minza ameketi kwenye jiwe kando ya njia, ameshika kichwa, chupa tatu za maji tupu miguuni. Ilikuwa miezi minane hawajasemezana.

Nyanjige akapita. Akaenda hatua kumi, akasimama, akarudi.

"Unakunywa maji sana?"

"Joto," Minza akasema.

"Alfajiri hii? Na usiku unaamka mara ngapi kwenda kukojoa?"

"We Nyanjige, umekuwa askari wa mkojo?"

"Mimi nilianza hivyohivyo. Minza, twende tukapime. Leo. Nitalipa pikipiki mimi. Ni kidole tu wanatoboa."

Minza akamtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye shingo iliyobaki mishipa. Kulikuwa na aibu machoni mwake, kisha aibu ikapata cha kujifunika.

"Nikapime nini? Ningekuwa mgonjwa si ningekonda kama wewe?" Akainuka kwa kushika magoti. "Usinitafutie ugonjwa wako, dada. Mwiko hautarudi kwako kwa njia hiyo."

Nyanjige angeweza kumbeba. Miguu yake siku hizo ilikuwa ya chuma. Alimwacha aende, kwa sababu lile neno la mwiko lilimchoma, na kwa sababu kipande kidogo cha moyo wake, kile kilichonyang'anywa, kilisema: basi kaone. Baadaye alikiombea msamaha kipande hicho kila siku, na hakukisamehe.

Haukuisha mwezi. Minza alianguka kwenye jiko lake mwenyewe, asubuhi, akiwasha moto wa chai. Kiharusi hakikubisha hodi. Walipofika na pikipiki alikuwa amekwisha kupoa.

Kabla jeneza halijachongwa, maneno yalikuwa yamekwisha kuchongwa. Nani alimkasirikia Minza? Nani alinyang'anywa mwiko? Nani alionekana amesimama naye njiani alfajiri, wawili tu? Milembe alikuwa na majibu ya yote matatu.

Nyanjige alikwenda msibani hata hivyo. Alivaa kipande chake cha kanga waliyogawana na Minza nusu kwa nusu walipokuwa wasichana, akapita katikati ya watu walionyamaza, akaingia chumbani alimolazwa rafiki yake. Alikaa naye mpaka jua likapanda. Hakuna aliyesikia alichosema humo. Alipotoka, sufuria saba zilikuwa zimepangwa uwanjani, ugali unafuka, na mwiko umelala juu ya sufuria ya kwanza. Hakuna mwanamke aliyekuwa karibu nao. Watu wote walikuwa wamekaa, wanamsubiri.

Machibya akasimama. "Mayu, hatupendi maneno mengi mbele ya maiti. Watu wana mashaka, na mimi ni mtu wa watu. Pale pana sufuria saba. Onja zote, kama zamani, tuone zikipita kooni. Ukimaliza, chukua mwiko wako. Mambo yataishia hapa, utazika nasi na utazikwa nasi."

"Na nisipoonja?"

"Basi umejitenga mwenyewe. Hutapewa moto, hutaitikiwa salamu. Na siku yako ikifika, hakuna jembe litakalotoka nyumba yoyote."

Shigela alikuwa ameketi na wanaume. Alimtazama mkewe, akafanya ishara ndogo kwa kidevu: kula, mke wangu, kula yaishe.

Nyanjige akasogea kwenye sufuria ya kwanza. Akanawa. Akakata tonge, la ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, akalichovya kwenye mboga, akatafuna taratibu, akameza, akafungua kinywa. Wazee wakasogea kuona. Kilikuwa kitupu. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele cha nusu, akakikatiza.

Kisha Nyanjige akanawa tena, akajifuta.

"Hilo ni la Minza," akasema. "Nimelila kwa sababu nilimpenda. Yaliyobaki sili."

"Bado sita," Machibya akasema.

"Najua kuhesabu mpaka saba, baba. Yalikuwa yananiua saba, nikayatema, mkaniita mchawi. Akayapokea mwingine. Ameyala yote, kila msiba, mbele yenu, mkamwangalia kooni mkaridhika." Akanyoosha mkono wenye bangili kuelekea chumbani. "Aliyemaliza saba yuko pale ndani. Nendeni mkamtazame kinywa."

Kama dunia ingekuwa na haki, hapo angetokea mmoja, hata mtoto, aseme: huyu mama anasema kweli. Nyanjige alisubiri. Alisubiri zaidi ya ilivyofaa. Milembe akainuka, akauchukua mwiko juu ya sufuria, akaubeba kifuani.

"Mimi nitaonja," akasema.

Nyanjige akaenda nyumbani.

Nyumba yake na ya Minza zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Alikaa kwenye kigoda akasikia kila kitu: nyimbo, jembe, vilio vya kaburini, kisha vishindo vya kugawa chakula. Harufu ya ugali ulioungua ilimfikia. Hawakuondoa kuni mapema kwenye zile sufuria kubwa. Minza alikuwa akiondoa kuni mapema. Nyanjige alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwa sababu ya ugali ulioungua.

Shigela alirudi jua likiwa limeinama. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Umekula?" Nyanjige akauliza.

"Nimekula."

"Ulikuwaje?"

"Mabuje matupu. Na umeungua."

"Lakini umekula."

"Ningefanyaje, mke wangu? Walikuwa wananitazama. Na mimi nina siku yangu."

Nyanjige hakumgombeza. Alimtazama tu, mzee wa miaka sabini na moja, meno sita, magoti yanalia kama mlango, ambaye kwa hesabu ya kijiji ndiye peke yake atakayebaki kumchimbia kaburi, kuosha mwili wake, na kuwapikia watu ambao hawatakuja. Akainuka. Akaenda jikoni, akabandika sufuria, akachochea moto. Maji yalipochemka akamwita.

"Njoo hapa. Shika mwiko huu."

"Mimi?" Shigela akarudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka. "Mwanaume mzima nishike mwiko? Watu wakipita?"

"Wapite. Hawasalimii tena, watakusemea nini? Siku yangu ikifika nani atanipikia msiba, Milembe? Utapika wewe. Hata kama mlaji ni wewe peke yako na yule ng'ombe kipofu, mimi sizikwi na ugali wenye mabuje. Mwaga unga. Kidogo kidogo! Unamwaga kama unapanda pamba!"

Shigela akamwaga, akakoroga, moshi ukamwingia machoni, unga ukashikana mafundo mafundo. Barabarani watu waliokuwa wakitoka msibani walipunguza mwendo. Waliona mwanaume ameinama jikoni na mkewe amesimama juu yake mikono kiunoni, na wakaongeza mwendo, wakiwa na jipya la kusimulia.

"Bana sufuria kwa mguu. Songa kutoka chini. Chini, mzee!"

"Mikono inauma."

"Yangu iliuma miaka ishirini na sita."

Akasonga. Jasho likamtoka, likadondokea humo humo. Baada ya muda akapumzika, akauegemea mwiko, akauliza bila kumtazama, "Na nikitangulia mimi?"

"Ukitangulia wewe watakuja wote," Nyanjige akasema. "Wewe ulikula. Haya, songa."